Simu ya Saa Nne

Mkanda umesimama. Hapo ndipo tulipomwacha Ozella Pickens wiki iliyopita: kambare wamelala juu ya mkanda nusu wamechunwa, maji ya barafu yanachuruzika sakafuni, na wanawake kumi na sita wa mkanda wa tatu wamegeuza shingo kumtazama mwenzao.

"Pickens! Simu ofisini!"

Aliyepaza sauti ni Dwight Hargett, msimamizi wa zamu, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni na shughuli chache mikononi. Alisimama mlangoni na karatasi ya njano ya onyo, kalamu ameshaifungua.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo ni haya. Katika kiwanda hicho cha kambare, mkanda ukisimama kwa ajili yako unaandikiwa nusu pointi. Zikifika saba, unga umemwagika. Ozella alikuwa na sita na nusu, na karibu zote zililetwa na mtu mmoja aliyekuwa akimpigia simu kazini.

"Nenda, dada," alisema Jonetta, jirani yake pale mkandani, huku akivuta kambare wa Ozella upande wake. "Hawa nitakumalizia mimi. Kamsikilize huyo kupe."

"Imebaki nusu tu, Jonetta."

"Tunajua. Sote tunajua. Nenda, asije akakuandikia na dakika."

Ozella akaweka kisu chini. Hakuwa akiililia kazi yenyewe. Nani anaililia kazi ya kuchuna kambare ndani ya baridi, vidole vimekufa ganzi kufikia saa tatu? Alikuwa akimfikiria Renita, binti yake wa miaka tisa, mgonjwa wa selimundu. Damu anayoongezewa na vidonge anavyomeza hulipwa na bima ya kiwanda. Kazi ikiondoka, bima nayo inaondoka.

Hargett alimpisha mlangoni kwa tabasamu la nusu mdomo. "Unapendwa kweli, Pickens. Mimi hata mke wangu hanipigii hivyo."

"Pengine anajua hutapokea," Ozella alisema, akapita.

Ofisini alikaa Bi Clotee, mpokea simu. Amekula chumvi nyingi, na tangu aajiriwe hajawahi kumkatia mtu simu, hata walevi, hata wanaouza mafagio. Kwa mkono mmoja alikuwa ameziba simu. Kwa mkono wa pili alishika kitambaa alichokipasha juu ya hita.

"Kwanza mikono, mwanangu," alisema. "Huwezi kushika simu na vidole vya barafu."

Akamfunika Ozella vidole kwa kile kitambaa, akavibonyeza mpaka damu ikarudi. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo, na hakuna kitabu cha kiwanda kilichokuwa na nafasi ya kuandika jambo kama hilo. Kisha akamkabidhi simu.

"Habari za asubuhi, Bi Pickens!" Sauti ilikuwa tamu kama asali iliyomwagwa juu ya sumu ya panya.

Huyo ndiye anayejiita Bwana Sterling. Si jina lake. Watu wa kazi hiyo huazima majina kama wengine wanavyokodi suti za harusi, nadhani ili mama zao wasijue wanashinda wakifanya nini mchana kutwa. Kampuni yake hununua madeni ya watu kwa bei ya karanga, kisha huwakalia kooni. Deni la Ozella lilikuwa la gari la wagonjwa lililombeba marehemu mumewe maili kumi na moja, likamfikisha amekwisha kata roho.

"Nilikuandikia usinipigie kazini," Ozella alisema. "Barua ya rejista. Ile kadi ya kijani ya posta, ya kuthibitisha imepokelewa, ilirudi na sahihi yenu."

"Imefika, mama, ninayo hapa. Barua nzuri sana! Tumeisoma ofisi nzima. Nikusomee?"

"Sihitaji..."

"'Mpendwa Bwana Sterling. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na familia yako.' Familia haijambo, mama, inakusalimia." Nyuma yake kijana mwingine alicheka. "'Samahani kwa kukusumbua. Naomba, kama haitakuwa taabu kwako, usiwe unanipigia kiwandani. Ila kama ni jambo la lazima sana, saa nne huwa tuna mapumziko mafupi.' Sasa niambie, Bi Pickens. Hapo kwenu ni saa ngapi?"

Ozella akatazama ukutani. Saa nne na dakika tatu.

"Mapumziko yamehamishwa," alisema kwa sauti ndogo. "Siku hizi ni saa nne na nusu."

"Ee! Hilo hukuniandikia. Mimi nafuata barua yako. Umenialika mwenyewe, kwa mkono wako, kwa rejista, na gharama ya posta umelipa wewe!"

Vicheko tena.

Ozella akahisi uso ukimchoma. Bi Wilhelmina, mkutubi wa mjini, alikuwa amemwonya. Yule mama aliacha chakula chake cha mchana kikapoa akimtafutia kwenye vitabu vinene sheria inayomzuia mdai kupiga simu kazini akijua mwajiri hataki, akamwandikia mfano kwa penseli: *Mwajiri wangu haruhusu simu hizi. Usinipigie kazini.* Mistari miwili. Akamwambia, "Usiongeze neno, Ozella. Hata salamu."

Lakini Ozella alipoisoma nyumbani mistari ile aliiona kavu, kama kumpiga kofi mtu usiyemjua. Katika kaunti yao hata barua ya kukutoa ndani ya nyumba huanza kwa kuuliza hali ya mama yako. Basi akaongeza salamu. Akaongeza samahani. Na ili asionekane mtu wa roho mbaya, akaongeza na saa.

Watu wema hufanya makosa ya aina hiyo. Watu kama Sterling hula kwa makosa hayo.

"Kwa hiyo tuelewane," Sterling aliendelea, asali imekwisha, imebaki sumu. "Kesho saa nne nitapiga. Keshokutwa, saa nne. Ukipoteza kazi usinilaumu. Au ukope kwa ndugu, ulipe kabla ya Ijumaa, tuachane kwa heri. Si una binti mgonjwa? Mama mwenye mtoto mgonjwa hachezi na kazi."

Mtu huyu alikuwa amemgusa Renita.

Sterling alisema kwa sauti kubwa mno, mpaka Bi Clotee, aliyekaa hatua mbili mbali, alisikia kila neno. Yule mama mzee hakusema kitu. Alifungua droo, akatoa kitabu cha kanuni za kiwanda, akalamba kidole, akafunua kurasa polepole mpaka akafika ukurasa wa kumi na nne. Akakisukuma mbele ya Ozella na kuweka ukucha wake chini ya mstari.

*Mfanyakazi haruhusiwi kupokea simu binafsi wakati wa zamu. Ujumbe utaandikwa na kukabidhiwa wakati wa mapumziko.*

Ozella alisoma mara mbili. Kitabu kilekile kilichokuwa kikimtafuna pointi! Kumbe mwajiri alikuwa amekataza tangu zamani. Hata hakutakiwa kuitwa. Alitakiwa kuandikiwa kikaratasi, basi.

"Bi Pickens? Umelala?"

"Niko macho," Ozella alisema. "Nisikilize."

Neno *tafadhali* lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Likaja *samahani*. Akalimeza nalo, likashuka kama mwiba wa samaki.

"Mwajiri wangu haruhusu simu hizi. Ile saa niliyokuandikia naifuta. Usinipigie kazini."

Akaishia hapo. Hakuongeza hata salamu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuzungumza hivyo na mtu, na dari haikuanguka.

Upande wa pili Sterling akacheka, ila kicheko kilikuwa kimepungua maji.

"Nani kakufundisha? Hayo ni maneno yako tu, mama. Mwajiri wako hajaniambia chochote."

Hargett, aliyekuwa ameegemea mlango, akajiinua ghafla. "Inatosha! Pickens, weka simu chini, rudi mkandani."

"Dakika moja, Bwana Hargett," alisema Bi Clotee. Akanyoosha mkono, akaichukua simu kwa Ozella kama anavyompokea mtoto mchanga kanisani.

"Hujambo, mwanangu? Hapa ni ofisi ya kiwanda. Nani mwenzangu?"

"Bi Clotee!" Hargett alisema. "Kata hiyo simu!"

"Mimi sijawahi kumkatia mtu simu, Bwana Hargett. Sianzi leo." Akarudi kwenye simu. "Niko nawe, mwanangu. Nitajie jina lako, nalitaka kwa kuandika. Herufi moja moja, kalamu yangu ni nzito. Es... te... ndiyo. Na kampuni? Na anwani? Nambari ya mlango? Usikimbie, baba, hakuna moto." Aliandika yote kwa mwandiko mkubwa wa shuleni. Akaandika tarehe. Akaandika saa. "Sasa nakusomea kanuni yetu."

Akasoma mstari wote, mkato kwa mkato, kama anayesoma Zaburi.

"Lakini yeye mwenyewe aliniruhusu kwa barua!" Sterling alifoka. "Ninayo!"

"Mwanangu, simu ni ya kiwanda. Na saa ile ni ya kiwanda. Ozella anawezaje kukupa ruhusa ambayo si yake? Ni kama mgeni wangu akukaribishe ule kwenye chungu changu. Umeshaambiwa na mfanyakazi, na sasa umeambiwa na ofisi. Ukipiga tena kumtafuta, unajua sheria ya nchi inasemaje kuliko mimi. Wewe ndiye msomi."

*Tu, tu, tu.*

Bi Clotee akaitazama simu kwa mshangao wa kweli. "Amenikatia," alisema. "Hata kwaheri hakusema. Hivi watu hawa hulelewa na nani?"

Ozella akacheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Akashika ukingo wa meza, machozi na kicheko vikamtoka pamoja.

"Vizuri sana," Hargett akasema. "Mmemaliza mchezo wenu? Mkanda umesimama dakika tisa." Alikunjua karatasi ya njano taratibu, akiifurahia sauti yake. "Nusu pointi. Jumla saba. Vua aproni, Pickens."

Kicheko kilikatika.

"Bwana Hargett," Bi Clotee alisema, "kanuni inasema aandikiwe ujumbe. Wewe ndiye uliyeniagiza, mwezi uliopita, simu za Ozella zisiandikwe, aitwe mwenyewe."

"Kanuni ya pointi haiulizi nani aliita. Mkanda ulisimama kwa ajili ya nani? Wake. Aproni, Pickens. Na gambuti ni za kiwanda, uziache."

Kwa kipimo chochote Hargett alikuwa mtu mdogo, na mtu mdogo akipewa kalamu huitumia kama panga. Ozella alishika fundo la aproni mgongoni. Lilikuwa limelowa, halikufunguka. Alilivuta huku akimwona Renita kwenye kile kiti kirefu cha hospitali, mkono umenyooshwa, akingoja chupa ya damu.

Simu ikalia.

Bi Clotee akainua. "Ofisi ya kiwanda, hujambo?" Akasikiliza. Nyusi zake zikapanda taratibu mpaka zikakaribia wavu wa nywele. Akaziba simu kwa kiganja.

"Ni yule yule," alisema.

"Umeona!" Hargett alimgeukia Ozella. "Hata hujatoka mlangoni!"

"Hamtaki Ozella," Bi Clotee alisema. "Anakutaka wewe, Bwana Hargett. Anasema ni jambo la kibinafsi, la haraka."

Uso wa Hargett ukawa na rangi ya tumbo la kambare.

"Sema sipo."

"Upo."

"Sema nimetoka!"

"Mimi sisemi uongo kwenye simu. Nimwambie unakuja?"

Hargett alizikamata zile funguo kiunoni kwa mikono miwili zisilie. Ozella akaacha fundo la aproni. Alimtazama bwana huyu mwenye kalamu, aliyemcheka mlangoni robo saa tu iliyopita, akaelewa. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

"Nawe anakudai," alisema.

"Si mambo yako."

"Tangu lini?"

"Ile boti niliyonunua kwa mkopo," Hargett alisema chini chini. "Na hospitali, mke wangu alipojifungua. Pickens... Ozella. Dada. Yale maneno uliyomwambia. Yanasemwaje? Mwenye kiwanda akisikia napigiwa simu za madeni hapa, ataninyang'anya usimamizi."

Dada! Dakika tano zilizopita alikuwa Pickens.

Ozella alinyoosha mkono. "Karatasi kwanza."

"Nitaichana mwenyewe..."

"Mkononi mwangu, Bwana Hargett."

Sauti ile ilimshangaza hata yeye mwenyewe. Kumbe ukishaimeza *tafadhali* mara moja, mara ya pili haina mwiba. Hargett akatazama simu. Akatazama karatasi. Akaitoa.

Ozella alikuwa anataka kuichana tu. Lakini jicho likaangukia pembeni, penye mhuri wa ile saa ya mlangoni inayogonga kadi za wafanyakazi. Kila karatasi ya onyo lazima igongwe pale, la sivyo ofisi kuu haiipokei.

Mhuri ulisema saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi.

Akaisoma tena. Jina lake. Tarehe ya leo. *Mkanda umesimama, saa nne, simu binafsi.* Yote kwa wino mmoja. Hargett alikuwa ameijaza na kuigonga alipokuwa akiingia kazini, ili baadaye asisumbuke kutembea mpaka mlangoni. Uvivu umewaumbua wengi.

"Simu imelia saa nne," Ozella alisema polepole. "Wewe uliandika saa kumi na mbili. Ulijuaje?"

Hargett akautazama mlango.

"Mwanangu anakuuliza," Bi Clotee alisema. Kiganja chake bado kilikuwa juu ya simu. "Mjibu. Au nimpe huyu bwana aendelee."

"Alinipigia nyumbani," Hargett alisema. Maneno yalimtoka kama maji machafu. "Akasema nikimsaidia, mimi ataniacha. Alitaka muitwe mkiwa kazini, mbele ya wenzenu, mkanda usimame. Alisema mtu akiona kazi inaponyoka, pesa huzipata popote. Mimi... mimi ningefanyaje? Nina mtoto mchanga."

"Na mimi nina nani?" Ozella aliuliza.

Alimtazama Hargett kama anavyomtazama samaki aliyeoza anapopita mkandani: humkasirikii, unamtupa. Sasa alifahamu kwa nini mapumziko yalihamishwa, ili simu ya saa nne imkute mkandani, na kwa nini binti yake mgonjwa alitajwa na mtu asiyewahi kufika katika kaunti yao. Akaichana ile karatasi mara mbili, kisha mara nne, vipande akavitia mfukoni mwa aproni ambayo hakuivua.

Kisha neno moja likamrudia kichwani na kumsimamisha.

"Umesema *muitwe*," alisema. "Umesema *wenzenu*. Mimi niko peke yangu, Bwana Hargett. Mimi na nani?"

Hargett alirudi nyuma mpaka akagusa kabati.

"Hospitali iliuza madeni yote kwa mkupuo," alisema. "Alikuwa na orodha. Alitaka kujua nani yuko mkanda gani, zamu gani, nani ana mtoto, nani ana mume. Nilimtilia alama tu. Nilimtilia alama tu, basi!"

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Bi Clotee akavuta pumzi kwa nguvu. Ozella hakuwahi kumwona mama huyo amekasirika, na alipomwona sasa alitamani asingemwona.

Kwenye simu ya mezani kulikuwa na vitaa vitano vyekundu, kila laini na chake. Kimoja kilikuwa kimewaka muda wote, cha Sterling, anayemngoja Hargett. Sasa kikawaka cha pili. Kengele haijamaliza kulia, kikawaka cha tatu.

Bi Clotee akabonyeza cha pili. "Ofisi ya kiwanda, hujambo?" Akasikiliza, akageuka. "Sauti nyingine," alinong'ona. "Anamtaka Vernice Tolbert wa mkanda wa kwanza. Ozella, Vernice ana pointi sita."

Kitaa cha nne kikawaka.

Hargett alianza kwenda mlangoni. Ozella akamtangulia, akaufunga, akauegemea. "Wewe utakaa hapa," alisema. "Simu yako inakusubiri."

Akaenda kwenye meza ya msimamizi, pembeni mwa ofisi ileile, akachomoa kiunoni glavu zenye magamba, akaziweka juu ya makaratasi yake masafi. Akakivuta kile kiti cha ngozi ambacho hakuna mchuna samaki aliyewahi kukikalia. Akakaa. Akakisogeza kitabu cha kanuni karibu, ukurasa wa kumi na nne, akashika kalamu ya Hargett na kuinua simu yake.

"Ofisi ya kiwanda," alisema. "Nani mwenzangu? Herufi moja moja."